Zege la Uani

Tarehe 9 Januari

Mdogo wangu Kipimo,

Nakusalimu kutoka nyumbani, na wote wa nyumbani wanakusalimu. Sisi wazima, tunasukuma siku. Mama amenituma nikuulize kama sasa unakula umekaa, au bado unakula umesimama kama enzi zile ulipokuwa unajifunza uashi. Miguu yake ni ile ile, asubuhi inamtii, mchana inamgomea. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili hajambo, anazidi kuwa mbishi. Juzi amebishana na redio mpaka akaizima.

Simu yako nimeshaikatia tamaa. Tangu mpelekwe huko kwenye kambi ya ujenzi, kila nikipiga naambiwa hupatikani. Basi tuandikiane kama zamani.

Mimi cherehani inanguruma. Sare za shule zimeingia kwa wingi, chumba kimejaa vitambaa hadi dirishani. Shida ni joto. Feni inazunguka kutwa, na inachonipulizia ni upepo wa jikoni. Bili ya umeme ilipokuja nilidhani wameniletea ya kiwanda.

Sasa nina swali dogo. Lile zege ulilomwaga uani kabla hujaondoka, unene wake ni kiasi gani? Na chini yake uliweka nini? Usiniulize kwa nini. Nauliza tu.

Dada yako.

*

Tarehe 2 Februari

Dada, mama yangu wa pili,

Barua yako imeletwa na dereva wa lori la saruji, amenikabidhi huku anacheka, anasema bahasha ina alama ya pasi. Ulipiga pasi barua? Mwambie Mama nimeanza kula nimekaa, na siku nyingine hata mikono nanawa. Mwalimu mwambie redio haijibu.

Kazi ipo. Tunajenga hospitali ya ghorofa sita, na mimi ni mmoja wa mafundi wa zege. Mwezi huu pesa ya matumizi itachelewa kidogo. Mambo ya ofisi tu, msijali.

Swali lako limenifurahisha kuliko unavyodhani. Inchi nne, Dada! Chini kuna mawe niliyoyapanga kwa mkono, moja moja, juu yake kokoto, nikashindilia siku mbili. Zege tulilikoroga mimi na marehemu Baba kwa makoleo, yeye upande huu, mimi upande ule. Lilipokauka akawa anaita wapita njia: "Ingieni muone! Mwanangu kanijengea uwanja wa ndege." Na mteremko niliupima mara tatu ili maji yote yatokee getini.

Nimejenga benki, nimejenga shule, nimejenga soko, na zote nilipomaliza nilifungiwa geti nikabaki nje. Ule uwanja ndio wangu. Kama umeuona ufa niambie, lakini najua hujauona.

Mdogo wako,
Kipimo.

*

Tarehe 27 Februari

Kipimo wangu,

Tunaendelea vizuri. Mama anapumzika zaidi siku hizi, ni mambo ya umri. Barua sikupiga pasi, niliifunika kwa pasi isipeperuke, nikaisahau.

Pesa usitume, mwezi huu wala ujao. Nimeanza kubana matumizi na nimeona inawezekana. Balbu zote nimebadilisha, nimeweka zile zinazokula umeme kidogo. Halafu nimeshona kapu kubwa, nikalijaza mabaki ya vitambaa, yale niliyokuwa nachoma. Maharage yakishachemka nusu saa, naiepua sufuria na kuitumbukiza humo, nafunika. Mchana yameiva yenyewe bila moto. Mama alikataa kuamini mpaka alipoyatafuna. Mkaa wa wiki moja sasa unakwenda karibu mbili.

Zege halina ufa.

Mtaimbo wa Baba uliuweka wapi ulipoondoka? Nautafuta.

Dada yako.

*

Tarehe 21 Machi

Dada,

Nisalimie Mama.

Jana amefika hapa fundi umeme mgeni. Katika mazungumzo ya chakula cha mchana akagundua kwetu ni wapi. Akasema mbele ya mafundi wote, "Mtaa ule? Nimepita pale. Kuna nyumba yenye mchanja wa kuanikia nguo karibu na geti, mama mmoja anavunja uwanja kwa nyundo kubwa. Jasho linamtoka kama amefungwa kazi ngumu." Wakacheka. Mimi nikasukuma sahani pembeni.

Kumbe swali lako ndilo hilo. Kumbe mtaimbo ndio huo. Nikakupa vipimo mwenyewe, kwa mkono wangu, nikajisifu juu yake.

Baba alipinda mgongo kwa ajili ya lile zege. Sina la kuongeza.

Kipimo.

*

Tarehe 8 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu nimeifikisha. Mama amesema na wewe usalimike, hata kama umekasirika.

Umenikamata na sikatai. Nilitaka nikuambie kazi ikiisha, nikidhani ukiona kizuri hutauliza cha zamani. Nilikosea. Nikueleze sasa yote, hata yale niliyokuficha.

Wiki ya kwanza ya Januari, saa saba mchana, Mama alitoka kwenda kuanua kanga zake. Mimi niko ndani na cherehani, nasikia tu kishindo. Nikatoka, nikamkuta amelala juu ya zege, na lile zege lilikuwa la moto kiasi kwamba mimi mwenyewe sikuweza kupiga goti. Viganja vyake na shavu moja viliungua. Mwalimu ndiye aliyeruka ukuta, na umri wake ule, tukambeba pamoja mpaka zahanati.

Muuguzi alimpima kila kitu. Akanivuta pembeni, akasema, "Mama yako hana ugonjwa. Mama yako ameiva. Nyumba yenu ikoje?"

Nikamweleza: bati juu, zege chini ukuta hadi ukuta, mti hakuna.

Akasema, "Basi dawa yangu haitasaidia. Ipozeni nyumba."

Niliporudi nilikaa mlangoni nikautazama ule uwanja. Mwalimu akaniambia jambo ambalo kumbe amelijua miaka yote, ila kwa heshima ya Baba alinyamaza: zege linakunywa jua mchana kutwa, halafu jioni linatutapikia ndani. Na mvua nazo. Unakumbuka mteremko wako ulikuwa wa kwenda getini. Miaka mitatu iliyopita waliinua barabara kwa kifusi, geti letu likabaki chini. Tangu hapo maji yanagota getini na kurudi mpaka chumba cha cherehani. Ulipima sawa. Barabara ndiyo iliyohama. Hilo pia sikukuambia, kwa kuwa ningekuambia ungesikia kama nakulaumu.

Nilimwambia Mama ninachotaka kufanya. Nilidhani atalia. Akasema, "Nipe nyundo." Akainyanyua kwa mikono miwili yenye bendeji, akaiachia. Ikalia ngiii, hata alama haikuacha. Mama akaitazama ile sehemu, akatikisa kichwa, akasema, "Huyu mtoto alijenga kweli."

Nimevunja kwa wiki tano, asubuhi kabla ya jua kupanda. Kila pigo nilikuwa nakusifu na kukulaani kwa pamoja.

Nilikuficha Mama alivyoanguka kwa kuwa nakujua. Ungeacha kazi ukapanda gari siku hiyo hiyo. Nisamehe kwa hilo. Kwa zege siombi msamaha.

Dada yako.

*

Tarehe 20 Juni

Kipimo,

Hujambo? Miezi miwili na zaidi sijaona mwandiko wako. Nilimuuliza karani wa posta kama barua zinapotea, akasema za kwako tu labda. Mama hajambo, makovu ya mikono yamefifia. Anaulizia barua kila akisikia pikipiki.

Sikuandikii ili unijibu kuhusu lile. Nakuandikia kwa sababu nimekwama, na fundi ninayemwamini ni mmoja.

Bati nimelipaka rangi nyeupe, ile ya kupakwa kwenye mapaa. Nilipanda ngazi mwenyewe, Mwalimu ameishikilia huku ananifundisha mambo ya mwanga na joto mpaka nikatamani nianguke nipumzike. Joto limepungua, hilo nakuambia kweli. Nimefunga mifereji ya kukinga maji ya paa, nikanunua tangi kwa zile pesa za umeme nilizookoa. Mvua zilipokuja tangi likajaa kwa siku mbili. Nikacheza uani na umri wangu huu.

Ila siku ya tatu tangi likaanza kulala upande. Nililiweka juu ya udongo tu. Likifurika, maji yanakwenda kwenye ukuta wa chumba cha Mama. Chini ya ukuta pameanza kulowana, na rangi ya ndani inabanduka. Nilichimba shimo ili maji yazame, likabomoka. Vipande vya zege lako vimerundikana getini kama mlima, mwenye mkokoteni anataka nimlipe avitupe. Majirani wanapita wanatikisa vichwa. Mmoja kasema, "Alikuwa na uwanja wa ndege, sasa ana machimbo."

Mimi najua kushona. Nguo ikikosewa, unafumua unaanza upya. Nyumba sijui inafumuliwaje. Naogopa nimeharibu, mdogo wangu, na ya Baba na ya kwako.

Nisaidie.

Dada yako.

*

Tarehe 1 Julai

Dada yangu,

Barua yako nimeipata leo saa nne asubuhi na sasa ni saa sita, nimeomba ruhusa niandike. Mama mbusu mikono yote miwili kwa niaba yangu. Mwalimu mwambie nina deni kwake ambalo halihesabiki kwa pesa, la kuruka ukuta.

Kwanza kazi, mengine baadaye. Fungua bomba la tangi LEO, maji yote yatoke, uyaelekeze mbali na nyumba. Tangi likiwa tupu lisogezeni. Usimlipe mwenye mkokoteni hata kidogo! Ule mlima ndio dawa yako. Vipande vikubwa kabisa, vipange hatua nne kutoka ukutani, matabaka mawili, la juu likatishe viungo vya la chini. Jaza kokoto katikati, shindilia mpaka kisigino chako kisiache alama. Pima kwa beseni la maji: liweke juu, kama maji yanaegemea upande mmoja, rudia. Hapo ndipo tangi likae. Mdomo ufunge kwa wavu, mbu wasizaliane. Mvua ya kwanza iache ipite nje, inaosha paa.

Shimo la maji ya kufurika lichimbe mbali, kule kwenye kona ya chini karibu na geti, upana wa mikono miwili, kina cha kiuno chako. Lilibomoka kwa sababu lilikuwa tupu. Lijaze: vipande vikubwa chini, vidogo juu, mwisho kokoto. Mfereji wa kufika huko uwe na mteremko wa kidole kimoja kwa kila hatua. Vipande bapa vilivyobaki vitandike njia, kutoka mlangoni hadi getini, ila acha nafasi ya viganja viwili kati ya kimoja na kingine, na humo panda majani mafupi. Mvua itapita hapo kwenda chini, na Mama hatakanyaga matope. Nimechora nyuma ya karatasi hii. Mishale ni maji.

Ukuta wa Mama usiupake rangi sasa. Acha upumue miezi miwili.

Sasa mengine.

Sikunyamaza kwa hasira tu. Hasira iliisha nilipofika kwenye zile bendeji. Nilinyamaza kwa aibu. Tangu Desemba tumewekwa nusu zamu, na mshahara nusu. "Mambo ya ofisi" ndiyo hayo. Ulipoandika "pesa usitume," nilishukuru, halafu nikajichukia kwa kushukuru. Nikajiona sina faida tena kwenu. Halafu nikasikia na uwanja umevunjwa. Nikasema basi, hata nilichowaachia hawakitaki.

Leo umeandika "nisaidie." Nimelisoma neno hilo nimesimama, kisha nikakaa, nikalisoma tena.

Hujaharibu kitu. Umevunja inchi nne za zege langu kwa mkono, wiki tano. Hapa kuna vijana wenye mashine wanalalamikia inchi tatu. Leo mchana nitawaambia mama yule aliyekuwa anavunja uwanja ni nani.

Kipimo.

*

Tarehe 30 Septemba

Mdogo wangu mpendwa,

Nyumbani ni heri juu ya heri. Mama anakusalimu akiwa nje. Narudia: nje, saa nane mchana, kwenye kiti. Mwalimu anakusalimu na amesema mchoro wako una kosa moja la vipimo, nikamwambia atangulie yeye kujenga hospitali.

Tulifanya kama ulivyosema, hatua kwa hatua. Beseni lilinikataa mara tano, mara ya sita maji yakatulia katikati kama yamelala. Ukuta wa Mama umekauka kabisa. Wiki jana ilipiga mvua ya ghafla, kubwa, ya kupofua macho. Barabara ikawa mto. Mimi na Mama tulisimama mlangoni tunaangalia. Maji yakaja, yakazunguka, yakaingia kati ya vipande, yakazama. Hakuna kilichofika kizingitini. Mama akanishika mkono, akasema polepole, "Yamekwenda wapi?" Nikamwambia, "Alikoyatuma mwanao."

Dirishani kwangu nimepandisha mkarakara kwenye kamba, umetia kivuli upande wote wa jua la jioni. Feni nimeifunika kwa kitambaa isishike vumbi. Maji ya kufulia yanapita kwenye pipa la mchanga, yanakwenda kwenye mipapai. Maganda ya jikoni yanaoza kwenye shimo la mboji, na mchicha unakua kwa fujo, unakata leo, kesho unakudai tena. Sokoni sinunui tena mboga ya majani.

Msoma mita ya umeme alikuja. Akaitazama mita, akaigonga kwa kalamu, akaigonga tena. Akaniuliza, "Mama, mlisafiri?" Nikasema tupo. Akasema, "Basi mita imekufa." Nikamkaribisha ndani, nikamwonyesha kimoja kimoja. Akaondoka na mche wa mpapai kwenye begi la kazi.

Yule jirani wa "machimbo" alikuja wiki iliyopita, amevaa vizuri kama anakuja kuposa. Zege lake nalo linarudisha maji ndani. Nikamwonyesha mchoro wako. Sikumpa, ni wangu. Amenakili kwa penseli.

Sasa wageni wakija Mama haniachii mimi nieleze. Anasema, "Kazi ya wanangu wawili hii. Mmoja alimwaga, mmoja alivunja, na wote wawili walikuwa sahihi."

Nusu zamu usiionee aibu tena mbele yangu. Njoo ukiweza. Usipoweza, andika.

Dada yako.

*

Tarehe 2 Novemba

Dada,

Furaha ya barua yako bado sijaimaliza, nimeisoma mpaka mikunjo inachanika. Mwambie Mama nilipofika kwenye maneno yake nilitoka nje kidogo. Mwalimu mwambie kweli lipo kosa la vipimo, nimelikumbuka, ila asinitangaze.

Sasa kaa chini nikupe habari.

Mbele ya hii hospitali kuna uwanja mkubwa, mahali ndugu wa wagonjwa watakapokuwa wakisubiri. Kwenye ramani ulikuwa zege tupu, ukuta hadi ukuta. Ijumaa mhandisi mkuu alituita mafundi wote, akatandaza ramani, akagawa kazi: siku fulani kokoto, siku fulani kumwaga. Akauliza kama desturi tu, "Kuna swali?"

Miaka kumi na moja, Dada, sijawahi kunyoosha mkono. Nikaunyoosha.

Nikamwambia, "Mhandisi, watu watakaa hapa mchana kutwa. Wazee watakuwemo. Tukimwaga hivi, tutawaivisha. Na siku barabara ile ya mbele itakapoinuliwa, maji yote yataingia mapokezi."

Msimamizi akanikanyaga mguu. Mhandisi akavua miwani, akasema, "Endelea."

Nikaendelea. Nikaeleza vipande na nafasi, mashimo ya kuzamisha maji, matangi ya maji ya paa, miti upande wa jua la jioni. Nikachora kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Nikamwambia pia kwamba itatumia saruji nusu, na hapo hata mhasibu alisogea karibu. Nilipomaliza mhandisi akauliza, "Haya umesomea chuo gani?"

Nikasema, "Sikusomea chuo. Nimefundishwa na dada yangu. Ni fundi cherehani."

Wenzangu wakaangua kicheko. Mhandisi hakucheka. Akakunja ile karatasi, akaitia mfuko wa shati. Jumatatu ilirudi imechorwa kwa wino, na chini kulikuwa na jina langu kama fundi msimamizi wa uwanja. Zamu nzima, kuanzia siku hiyo.

Wale waliocheka sasa wananiuliza kama dada anapokea wanafunzi. Nimewaambia anapokea wenye nyundo zao.

Nimepewa likizo ya wiki tatu, nitafika katikati ya Desemba. Msinipikie chochote cha pekee. Nina ombi moja tu. Pale nyuma ya ukuta wa jikoni, penye jua la asubuhi, usipande kitu. Mama achague mti anaoutaka, mche nitauleta mimi. Nataka nichimbe mwenyewe.

Mdogo wako,
Kipimo.